Msimlaumu Msomaji kwa Mlango Mliofunga Ninyi

“Wanafunzi wetu hawasomi.” Maneno hayo nimeyasikia kwenye vikao vya seneti, kwenye warsha za wakutubi na kwenye korido za vitivo, na siku hizi yanatamkwa kwa uhakika wa mtu anayesema masika yamechelewa. Hoja yenyewe huenda hivi: chuo kinatoa fedha kila mwaka kwa ajili ya majarida na vitabu vya kielektroniki, takwimu za matumizi ziko chini, basi kosa ni la kijana wa leo, aliyezoea TikTok, asiyependa kuhangaika, anayetaka kila kitu kimfikie kimetafunwa. Dawa inayoandikwa ni moja tu, mafunzo. Wanafunzi waitwe semina, waelimishwe, wahamasishwe. Mwakani takwimu zikibaki palepale, wanaitwa semina nyingine.

Nimefanya kazi ya ukutubi kwa miaka kumi na saba, mingi kati ya hiyo katika kitengo cha rasilimali za kielektroniki, na nasema bila kumung’unya maneno kwamba hoja hiyo si ya kweli. Nasema hivyo nikijua kuwa mimi mwenyewe niliiandika katika ripoti mbili za mwaka. Niliacha kuiandika siku nilipoketi karibu na msomaji mmoja nikamwangalia kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila kumsaidia.

Msomaji huyo ni mpwa wangu. Anasoma shahada ya pili ya afya ya jamii katika chuo kimoja hapa Tanzania, ambacho sitakitaja kwa sababu kisa chenyewe kingeweza kutokea karibu katika kila chuo ninachokifahamu. Alikuja kukaa kwetu Morogoro wakati wa likizo ndefu. Usiku mmoja wa Ijumaa alikuwa mezani na simu yake na daftari, anatafuta makala kuhusu kichocho kwa watoto wa shule kandokando ya Ziwa Victoria. Alianzia pale wanapoanzia wenzake wote, Google Scholar, na makala akaipata kwa sekunde chache, kichwa chake, waandishi wake na muhtasari wake. Akabofya. Ukurasa wa mchapishaji ukamtaka alipe.

“Mjomba, hii nayo inataka dola arobaini.”

Nikamwambia apitie maktaba ya chuo chake. Kisha nikanyamaza.

Tovuti ya chuo ilifunguka kwa kujikokota, maana juu kabisa kulikuwa na picha kubwa za mahafali zinazopishana, na kila moja ilikula bando lake. Maktaba haikuwa kwenye ukurasa wa mbele. Aliikuta chini ya neno Huduma, katikati ya zahanati na ukumbi wa kukodi. Kwenye ukurasa wa maktaba akakuta saa za kufungua na kufunga, picha ya jengo, salamu za mkuu wa maktaba, na chini kabisa orodha ya majina thelathini na ushei yaliyopangwa kwa alfabeti. Yalikuwa majina ya makampuni ya uchapishaji na ya hifadhidata. Mpwa wangu anakijua kichocho. Anawajua konokono wanaobeba vimelea vyake, anajua praziquantel inavyogawiwa shuleni na kwa nini baadhi ya wazazi huikataa. Hajui, wala hana sababu ya kujua, kwamba jarida fulani linatolewa na kampuni ya Amsterdam na jingine na kampuni ya New York. Akabahatisha jina la tatu. Ukafunguka ukurasa wa kampuni, usio na dalili yoyote kwamba unamtambua. Akaandika upya alichokuwa akikitafuta, akapata makala nyingine kabisa. Akarudi, akabahatisha jina la saba. Hapo akaipata ile yake, na bei ni ileile.

Ndipo akaona, kwa maandishi madogo pembeni mwa orodha, kwamba aliye nje ya chuo awasiliane na mkutubi kwa barua pepe ili apewe nywila. Akaandika barua pepe hiyo saa nne na dakika ishirini usiku, kwa adabu, akitaja namba yake ya usajili. Jibu lilikuja Jumanne adhuhuri. Liliagiza afike maktabani na kitambulisho ajaze fomu. Kutoka kwetu hadi chuoni kwake ni safari ya basi ya siku nzima.

Kufikia Jumanne makala alikuwa ameshaisoma na kuiwekea mistari. Usiku uleule aliomba kwenye kundi la WhatsApp la darasa lao, na kabla chai haijachemka mwenzake mmoja akamrushia PDF. Hakuuliza imetoka wapi. Mimi nilijua, kama anavyojua kila mkutubi anayetaka kuwa mkweli, kwamba zimejaa njia za pembeni, na maarufu kuliko zote ni Sci-Hub iliyoanzishwa na Alexandra Elbakyan mwaka 2011. Juma lililofuata nilimpigia simu mwenzangu katika chuo kile nikamwomba atazame. Jarida lile walikuwa nalo. Haki ya kulisoma ilikuwepo tangu miaka kadhaa nyuma.

Sasa naomba anayesema vijana ni wavivu anionyeshe uvivu wa usiku ule uko wapi. Mtu mvivu angeishia kwenye zile dola arobaini, akanakili muhtasari, akalala. Huyu alipita hatua tisa, akatumia bando alilolinunua kwa fedha yake, akaandika barua ya maombi, na aliposhindwa kupitia mlango wetu akatafuta wa jirani. Kuna wanafunzi wasiosoma, siwakatai. Wamekuwepo tangu enzi za vitabu vya karatasi na vidole vyenye wino. Lakini makundi hayo ya WhatsApp, na yale ya Telegram yanayopokezana vitabu vizima usiku kucha, ni ushahidi wa njaa ya kusoma ambayo maktaba zetu zimeshindwa kuilisha.

Tazama pia usiku ule unavyoonekana katika takwimu, maana takwimu ndizo zinazotolewa mezani kila tunapobishana. Wachapishaji wengi huitambua taasisi kwa anwani zake za intaneti. Ukiwa ndani ya mtandao wa chuo, kompyuta ya mchapishaji inaona anwani inayoifahamu, inakufungulia, na inaandika kwamba chuo fulani kimesoma makala moja. Ukiwa kwenye bando la simu, wewe ni mpita njia usiye na kwenu. Upo utaratibu wa kimataifa wa kuhesabu matumizi unaoitwa COUNTER, na haukuishia kwenye makala zilizofunguliwa. Unahesabu hata waliogonga wakakataliwa, aidha kwa kuwa taasisi yao haina leseni au kwa kuwa nafasi za wasomaji kwa wakati huo zimejaa. Lakini ili ukataliwe kwa jina la chuo chako, ni lazima kwanza utambuliwe kuwa ni wa chuo hicho. Mpwa wangu hakutambuliwa. Kwa hiyo hakuhesabiwa miongoni mwa waliosoma, wala miongoni mwa walionyimwa. Juhudi yake yote ya usiku ule iliingia kwenye ripoti ya chuo chake kama sifuri, na sifuri hiyo ndiyo inayosomwa kikaoni na kupewa jina la uvivu.

Ni sawa na mganga mfawidhi anayefunga geti la zahanati saa tisa alasiri, kisha akaangalia daftari la wagonjwa na kutangaza kwamba katika kijiji hiki watu hawaumwi usiku.

Mlango huu haukujengwa kwa nia mbaya, na ni haki kueleza ulivyotokea. Mwaka 1999 maktaba ya Mann ya Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, ilianza kusambaza TEEAL, maktaba nzima ya majarida ya kilimo iliyowekwa kwenye diski za CD kwa ajili ya nchi ambazo hazikuwa na intaneti ya maana. Ilikuwa neema. Diski zilikaa kwenye kompyuta moja, kompyuta ikakaa kwenye chumba kimoja, na msomaji akakifuata chumba. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji wakaanzisha Hinari kwa majarida ya tiba, ikafuatiwa na programu dada za kilimo, mazingira, ubunifu na sheria, ambazo zote leo zinaitwa Research4Life. Tanzania iko katika kundi la nchi ambazo taasisi zake hazilipi chochote. Taasisi ilipewa jina moja la kuingilia na nywila moja, kwa sharti kwamba visiwekwe hadharani mtandaoni. Sharti la haki kabisa. Sisi tukalitimiza kwa njia tuliyoiweza, yaani tukachapa nywila mara arobaini kwenye karatasi moja, tukaikata kwa mkasi, tukavigawa vile vikaratasi kwenye dawati kwa aliyekuja na kitambulisho. Nimevikata kwa mkono wangu. Nywila ilipobadilishwa, waliokuwa mbali walibaki na kikaratasi kisichofungua kitu.

Halafu dunia ikageuka. Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulitua Dar es Salaam, mwaka uliofuata ukaja wa EASSy, bei ya intaneti ikaanza kushuka, simu janja zikaingia mifukoni mwa wanafunzi. Msomaji akatoka jengoni na kwenda zake bwenini, kazini, shambani na wodini. Majarida nayo yakahamia kwenye mtandao mzima. Kitu kimoja tu kilibaki palepale, ufunguo, ambao tumeufunga kwenye kuta za jengo hadi leo.

Tuliwahi kuonyeshwa gharama yake. Machi 2020 vyuo vyote nchini vilifungwa kwa sababu ya Uviko, vikafunguliwa tarehe 1 Juni. Kwa miezi miwili na nusu ile, mwanafunzi ambaye chuo chake hakikuwa na njia ya kumtambua akiwa nyumbani hakuwa na maktaba. Majarida hayakuugua, wala wachapishaji hawakufunga ofisi. Kilichomkosesha kusoma ni kwamba hakuwa amesimama ndani ya uzio. Nilidhani baada ya pale kila chuo kingeamka. Vipo vilivyoamka, vikaweka mfumo wa kuingia kwa mbali, na wakutubi wake nawavulia kofia. Vingi vilirudi kwenye mabango ya semina.

Na fikiria Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 kwa makusudi ya kumfuata mwanafunzi alipo, awe mwalimu wa Kibondo au askari wa Mtwara. Kwake yeye maneno “ndani ya chuo” hayana maana yoyote. Leo vyuo vyetu karibu vyote vina wanafunzi wa jioni, wa masafa, wa mafunzo kwa vitendo. Muuguzi aliye zamu ya usiku katika hospitali ya wilaya anapotaka kuhakikisha dozi au kuandika pendekezo la utafiti, chuo chake kiko hapo alipo, kwenye simu yake, la sivyo hakina faida kwake.

Nirudi kwenye hii dawa ya mafunzo, maana ndiyo ngome ya mwisho ya wanaonipinga, na wengine ni marafiki zangu. Wanasema mwanafunzi hajui kuwa rasilimali zipo, na akijua hajui kuzitumia, basi tumfundishe. Nauliza: mama anayeuza mboga sokoni alihudhuria semina ipi ndipo akajua kutuma fedha kwa simu? Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba watu wa kipato cha chini hawana mazoea ya benki, waelimishwe, wahamasishwe. Ikaja M-Pesa, Kenya mwaka 2007 na kwetu mwaka 2008, na wale wale walioambiwa hawana mazoea wakaanza kutuma ada za watoto wakiwa wamesimama kituo cha daladala. Walijifunza kwa kuonyeshana, kwa dakika mbili. Hatua zilikuwa chache, zilikuwa zilezile kila siku, na zilifanya kazi kwenye simu ya bei rahisi, Kariakoo na Namtumbo vilevile. Mtu hujifunza upesi kitu kinachomfaa na kisichomwangusha.

Mafunzo yana mahali pake. Mwanafunzi anahitaji kufundishwa kupima makala, kulitambua jarida la kitapeli linalochapisha chochote kwa malipo, kupanga maneno ya utafutaji, kutaja vyanzo kwa uaminifu. Hayo ni elimu, na yanastahili muda wa darasani. Kumfundisha mtu kwamba bofya hapa, kisha rudi nyuma, kisha chagua jina la tatu na si la saba, kisha ukikwama andika barua pepe, ni kumkaririsha kasoro za kazi yetu sisi. Saa mbili za semina ya namna hiyo zingeokolewa na mchana mmoja wa mtu wa TEHAMA. Ranganathan, yule mkutubi wa India aliyetoa kanuni zake tano mwaka 1931, aliweka muda wa msomaji kuwa kanuni nzima inayojitegemea. Tunaikariri chuoni, tunajibia mtihani, kisha tunaajiriwa na kuisahau.

Wapo wanaosema tatizo ni fedha. Kwa sehemu kubwa ya ninachokizungumza, si kweli. Research4Life hatuilipii. JSTOR kwa miaka mingi imekuwa na mpango wa kuziondolea ada taasisi za Afrika zisizo za kibiashara. AJOL inakusanya majarida ya Afrika tangu 1998, na saraka ya DOAJ inaorodhesha maelfu ya majarida ya wazi yasiyodai senti. Majarida yanayolipiwa, vyuo vyetu vinayanunua kwa umoja kupitia COTUL, muungano wa maktaba zetu, kama Wakenya wanavyofanya kupitia muungano wao wa KLISC, ili bei igawanyike. Koha, inayotumika katika maktaba nyingi kwa katalogi, ni programu huria. DSpace, inayohifadhi tasnifu, ni huria pia. Programu ya kati inayomtambua msomaji aliye mbali na kumpitisha kana kwamba yuko chuoni, mfano EZproxy, ipo tangu 1999, na ada yake ya mwaka ni ndogo kuliko usajili wa jarida moja kubwa la sayansi. Anayelipia majarida kwa mamilioni kisha akashindwa kulipia ufunguo wake hajabana matumizi, amezitupa hizo fedha za majarida.

Fedha tunazo za majengo, na majengo si mabaya. Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa Novemba 2018, inapokea watu 2,100 kwa wakati mmoja na ina nafasi ya vitabu 800,000. Nimekaa mle, ni mahali pazuri pa kusomea, na nafurahi kuwa ipo. Lakini chuo hicho kina wanafunzi wanaohesabiwa kwa makumi ya maelfu. Hakuna jengo litakaloweza kuwaketisha wote. Mfumo mzuri wa kuingia kwa mbali unaweza, hata saa nane usiku.

Hoja inayotolewa kwa sauti ya chini, hasa na maofisa wanaoogopa lawama, ni kwamba tukifungua mlango nje ya chuo wachapishaji watatukatia huduma. Nimesoma mikataba ya kutosha kusema kwamba kwa kawaida inamtaja mtumiaji halali kuwa ni mwanafunzi au mfanyakazi wa taasisi, alipo popote. Inachokataza ni kumpa mtu wa nje. Na hatari hiyo inatoka wapi hasa? Inatoka kwenye vile vikaratasi. Nywila moja inayojulikana na watu elfu tatu haina mwenyewe. Ikivuja, hujui imevuja kwa nani, na dawa yake ni kuwafungia wote. Mwanafunzi akiingia kwa akaunti yake binafsi, ikionekana usiku mmoja imeshusha makala elfu mbili, unaifunga hiyo moja na wengine wanaendelea kusoma. Wachapishaji wanapotuondolea majarida huwa na sababu nyingine. Januari 2011 baadhi ya wakubwa waliyaondoa majarida yao Bangladesh katika Hinari kwa kuwa walikuwa wameanza kuuza huko, na kelele za madaktari na watafiti ndizo zilizowarudisha. Soko ndilo lililowasukuma. Hakuna mwanafunzi aliyelaumiwa kwa kusoma nyumbani kwao.

Linaloniuma kuliko yote ni mali yetu wenyewe. Kampuni ya nje ikitutoza, walau kuna mtu wa kumnyooshea kidole. Lakini tasnifu zilizoandikwa hapa, na watoto wa hapa, kuhusu mashamba ya mkonge, malaria ya Kilombero, uvuvi wa Mafia, tumeziweka kwenye hazina za kidijiti za vyuo vyetu kwa namna ambayo msomaji anaona kichwa na muhtasari, kisha anaambiwa matini kamili yamezuiwa. Ukiuliza yamezuiwa na nani, hakuna ajuaye; aliyesanidi mfumo siku ya kwanza aliacha hivyo. Na zile zilizo wazi, nyingi ni picha za kurasa zilizopigwa skana, faili moja la megabaiti sitini, sehemu nzito ya bando la mwanafunzi kabla hajafika sura ya kwanza.

Nilikaa siku moja na mwanafunzi asiyeona, mtu mwenye akili kali sana, anayetumia programu ya kusoma skrini kwa sauti. Tulifungua tasnifu moja ya namna hiyo. Programu ilisema “picha”. Akabonyeza kwenda ukurasa unaofuata. “Picha.” Akaenda hivyo hadi ukurasa wa kumi na moja, kisha akavua vipokea sauti akaviweka mezani taratibu. Dunia ilipitisha Mkataba wa Marrakesh mwaka 2013 ili watu kama yeye wapate matini wanayoweza kuyasoma, na Tanzania na Kenya zote mbili zimejiunga nao. Programu za kugeuza picha kuwa maandishi zipo, nyingine ni za bure. Kinachokosekana ni mtu aliyeagizwa kufanya kazi hiyo.

Hapo ndipo tatizo lilipolala. Maktaba inasema mambo ya kuingia kwenye mfumo ni ya kitengo cha TEHAMA. TEHAMA wanasema majarida ni ya maktaba. Ofisi ya usajili ina orodha ya wanafunzi wote na haijaulizwa. Kila mmoja ana sababu, na baina yao mwanafunzi anabaki amesimama mlangoni. Wakuu wetu hawaioni hali hii kwa kuwa wao husoma wakiwa ofisini, kwenye waya wa chuo, ambako kila kitu hufunguka kwa bofyo moja. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Ninachokidai kinawezekana ndani ya muhula mmoja. Mwanafunzi akishasajiliwa, akaunti yake ya maktaba izaliwe hapohapo, kwa jina na nywila zilezile anazotumia kuangalia matokeo na kulipa ada, bila fomu na bila kupanga foleni. Iwe inafanya kazi bwenini na kijijini. Ile orodha ya makampuni iondolewe ukurasa wa mbele na mahali pake pawekwe kisanduku kimoja cha kutafutia, chenye neno moja juu yake: Tafuta. Maktaba ijiandikishe na huduma ya viungo vya maktaba ya Google Scholar, ambayo haina malipo, ili mwanafunzi anayeanzia huko aone pembeni mwa makala kiungo chenye jina la chuo chake. Huko ndiko alipo, na ni sisi tunaopaswa kumfuata. Ukurasa wenyewe ujaribiwe kwenye simu ya bei ya chini kabla ya kujaribiwa kwenye kompyuta ya mkurugenzi. Awepo mtu wa zamu wa kujibu jioni na Jumamosi, hata kwa ujumbe wa WhatsApp. Kila tasnifu iliyozuiwa iwe na sababu iliyoandikwa na tarehe ya kufunguliwa. Hayo yakishafanyika, takwimu zihesabiwe upya, na kama bado ziko chini, nitakuja mwenyewe kwenye semina na kuwahimiza vijana wasome.

Kabla ya hapo ninaomba jambo dogo kwa kila mkuu wa maktaba, kila mkurugenzi wa TEHAMA na kila mjumbe wa seneti atakayesoma makala hii. Leo usiku, ukiwa nyumbani, zima intaneti ya nyumba. Chukua simu ya mtoto wako, nunua bando la siku moja, na utafute makala moja ambayo unajua chuo chako kimeilipia. Usimpigie mtu yeyote simu. Hesabu hatua na uziandike. Ukilala bila kuipata, kesho asubuhi peleka hesabu hiyo kazini, na lile neno kwamba wanafunzi hawasomi ulifute kwenye ripoti.